Injini Haipunguzi Kina: Historia ya Kivuko cha Kilombero na Safari Zetu za Boti



Harusi ya visiwani haikamiliki bila sinia. Iwe pilau au biriani, mpishi anayejua kazi yake huuliza kwanza mchele umetoka wapi. Akijibiwa kuwa ni mchele wa Kilombero, moyo wake hutulia, kwa sababu anaujua harufu yake na namna unavyochambuka. Leo lakini hatuzungumzii mapishi. Tunazungumzia maji ambayo mchele ule, na watu wanaoulima, walilazimika kuyavuka kwa miaka mingi kabla haujafika sokoni. Tunayo sababu ya kuwapeleka huko bara, mbali na bahari yetu. Kisa cha Mto Kilombero kinatufundisha jambo moja tunalolisahau kila tunapopanda boti ndogo yenye mashine na kuelekea maji makuu.

Bonde na watu wake

Ifakara ni mji wa mkoa wa Morogoro, katikati ya Bonde la Kilombero. Upande mmoja ipo milima ya Udzungwa, upande wa pili nyanda za juu za Mahenge. Bonde lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 250, na mito midogo mingi huteremka kutoka pande zote mbili na kuingia katika mto mkubwa mmoja, Kilombero, ambao wengine huuita Ulanga. Mto huo hukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji huzaliwa. Rufiji nayo humwaga maji yake baharini, mkabala na kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo maji ya Ifakara si mageni kwetu. Mwisho wa safari yake ni bahari hii hii tunayoijua.

Wakati wa kiangazi mto hurudi katika mkondo wake, na mtu aliyesimama ng'ambo anaweza kuonekana. Masika yakija, mto huacha kingo zake na kutawanyika juu ya tambarare, mpaka mgeni asijue mto unaanzia wapi na shamba linaishia wapi. Ndiyo maana ardhi ile ina rutuba na mpunga hustawi. Mwaka 2002 bonde hilo liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Neema na hatari zimetoka katika maji yale yale.

Wanaojulikana zaidi kwa maisha ya mtoni huko ni Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga. Karibu nao wapo Wambunga wa Ifakara, ambao wengi ni Waislamu, Wapogoro wa upande wa Mahenge, na Wabena. Chombo chao cha asili ni mtumbwi wa gogo moja, uliochongwa kutoka mti mmoja. Penye maji mafupi husukumwa kwa pondo, penye kina hupigwa kafi.

Mtumbwi ni chombo kidogo na huyumba, na kila anayeupanda analijua hilo. Kwa sababu hiyo una adabu zake. Abiria hukaa chini kabisa, hasimami kumpungia mtu mkono. Mzigo huwekwa katikati. Chombo hufuata ukingo na majani kadiri inavyowezekana, na upepo ukichafuka watu husubiri. Humo majini wamo mamba na viboko pia. Aliyekulia kwenye mtumbwi hana haja ya kuambiwa kuwa chombo chake ni dhaifu, kwa sababu udhaifu ule anauhisi kwenye nyonga zake kila kikiyumba.

Kwa nini ilikuwa lazima kuvuka

Kati ya 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, nayo ikapita upande wa Ifakara na Mlimba. Barabara ya kwenda Mikumi na Morogoro iko upande huo huo. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kimbilio la wagonjwa wa bonde zima, iko Ifakara pia. Lakini Lupiro, Mahenge na Malinyi ziko ng'ambo ya mto.

Hebu mwanamke wa ng'ambo ile atazame hali yake. Mchele wake hauna soko kubwa mpaka uvuke. Uchungu wa uzazi ukiwa mzito, hospitali kubwa iko upande wa pili. Binti yake akiposwa Ifakara, posa, mahari na msafara wa harusi vyote vitapita juu ya maji. Kwa watu wa huko kuvuka hakukuwa matembezi. Kulikuwa sehemu ya kuishi, kama ilivyo kwetu baina ya Unguja na Pemba.

Kazi kubwa ya kuvusha watu na magari ilifanywa na pantoni. Kivuko kilipoharibika, au foleni ilipokuwa ndefu, au mtu alipokuwa na haraka, mitumbwi na boti ndogo hazikuwa mbali.

Mto ulichukua haki yake kwa vipindi. Mwaka 2002 kivuko kilipata ajali hapo Kilombero na watu zaidi ya 30 wakafa maji. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipigwa na upepo mkali wakati wa mvua, kikazama pamoja na magari kiliyobeba. Mara hii, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, abiria wengi waliokolewa. Na huo ni mto, dada zetu. Ng'ambo ya pili inaonekana kwa macho, na mashua ya kuokoa inaweza kufika kabla sauti ya anayelia haijakauka.

Mei 2018 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa mita 384, likaitwa Daraja la Magufuli. Pamoja nalo zilijengwa barabara za maingilio zilizoinuliwa, ili maji ya masika yasizifunike. Aliyekuwa akisubiri pantoni kwa saa nyingi sasa anavuka kwa dakika chache, na mama mjamzito hupita usiku bila kumwamsha nahodha. Kwa watu wa Ulanga na Malinyi historia ya kivuko ilifungwa hapo. Kwetu sisi wa visiwani haijafungwa, kwa sababu baina yetu hakuna daraja.

Injini ilibadilisha nini

Funzo letu liko hapa. Mashine ya kupachika ilipofungwa nyuma ya chombo kidogo, ilibadilisha mwendo tu. Haikupunguza kina cha maji. Haikuongeza urefu wa ubavu wa chombo. Haikumfanya asiyejua kuogelea ajue. Safari ya nusu siku ikawa ya saa moja, na kwa kuwa ilikuwa fupi, watu waliacha kuiogopa.

Mwenye kafi hawezi kufika mbali kuliko nguvu za mikono yake ya kurudi. Mikono ikianza kuchoka, inamwambia ageuze. Mashine haichoki taratibu. Inafanya kazi, kisha inazima. Pale inapozima, chombo kiko mbali na ardhi kuliko ambavyo kafi yoyote ingekifikisha, na mara nyingi kafi yenyewe iliachwa nyumbani.

Tuseme wazi kinachotokea. Boti yenye mashine inayokwenda huelekeza pua yake kwenye wimbi na kulipanda. Ikizima, upepo huigeuza polepole mpaka ubavu wake ukabili mawimbi, na boti ndogo huwa na ubavu mfupi. Wimbi la kwanza huingiza maji kidogo. Abiria wanashtuka, wanahamia upande mmoja, na upande huo unazama zaidi. Wimbi la pili huingia bila kuzuiwa. Mara nyingi chombo hakivunjiki wala hakitoboki, bali hujaa maji na kupinduka, na hayo yote huweza kutokea kwa muda mfupi kuliko wa kusoma ukurasa huu.

Sababu za mashine kuzima ni ndogo ndogo: petroli iliyochanganyika na maji, plagi iliyolowa, magugu au kipande cha wavu kilichojizungusha kwenye rafadha, mafuta yaliyohesabiwa ya kwenda tu. Mtoni, mkondo utakupeleka mpaka kwenye ukingo fulani. Baharini mambo ni mengine. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na maji yake hukimbia kuelekea kaskazini. Boti iliyozima hapo haikai mahali ilipozimia kungoja waokoaji. Inakwenda, simu haina mtandao, na jua likichwa hata ndege angani hawezi kuiona.

Chombo na maji yake

Kila chombo kimeundwa kwa maji fulani. Tunalijua hili kwa machungu. MV Skagit, iliyozama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, ilikuwa imefanya kazi miaka mingi Marekani, katika maji ya Puget Sound yaliyozungukwa na nchi kavu. Huku ilikutana na upepo wa kusi katika bahari iliyo wazi. Mwaka mmoja kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa na watu wengi mno kuliko ilivyoruhusiwa. Tarehe 20 Septemba 2018, miezi michache tu baada ya daraja la Kilombero kufunguliwa, MV Nyerere ilipinduka Ziwa Victoria ikikaribia Ukara. Kilikuwa kivuko cha abiria 101, na waliokufa walizidi 220.

Hivyo ni vyombo vikubwa, vyenye usajili na manahodha waliosomea. Boti ndogo ya faiba au ya mbao ina kinga ndogo zaidi ya hizo, na ajali zake husahaulika haraka. Januari 2022 huko Pemba, chombo kidogo kilichobeba watu waliokuwa wakienda kwenye msiba Kisiwa Panza kilizama, na wakafa watu kadhaa. Walikwenda kuzika, wakazikwa wao. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Safari ile ilikuwa kama zetu zote, ya watu wanaotimiza haki ya jamaa zao, kwenye njia waliyoizoea.

Kuna neno la hatari kuliko mawimbi, nalo ni "tumezoea". Mazoea huonesha kuwa safari zilizopita zilifika salama. Hayasemi lolote juu ya safari ya leo.

Sharti la Sayyidna Uthman

Wapo watakaosema ajali ni qadari, na kila nafsi ina siku yake. Ni kweli, na tunaamini hivyo. Lakini historia yetu wenyewe inatufundisha namna waliotutangulia walivyoyaendea maji.

Ummu Haram binti Milhan, Allah amridhie, alikuwa sahaba wa Kiansari. Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alilala nyumbani kwake, akaamka akitabasamu kwa sababu ameoneshwa watu katika umma wake wakipanda bahari. Ummu Haram akamwomba amwombee awe miongoni mwao, naye akamwombea. Miaka ikapita. Katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman, mnamo mwaka wa 28 Hijria, alisafiri kwa jahazi pamoja na mumewe Ubada bin Samit katika msafara wa Kupro. Bahari aliivuka salama. Alifariki baada ya kuanguka kutoka kwenye mnyama aliyempanda nchi kavu, na kaburi lake lipo Larnaca mpaka leo. Kwa hiyo asitwambie mtu kuwa bahari si ya wanawake.

Lakini tazameni jinsi safari ile ilivyoruhusiwa. Wanahistoria wameeleza kuwa Sayyidna Umar alikataa kuwapeleka Waislamu baharini, kwa kuchelea maisha yao. Baada yake Muawiya alimwomba Sayyidna Uthman ruhusa hiyo hiyo. Uthman alimpa kwa masharti: asimlazimishe mtu yeyote kupanda, na yeye Muawiya achukue mke wake katika safari ile. Akafanya hivyo.

Sharti hilo la pili lina hekima ambayo hakuna kanuni ya bandarini iliyoipita. Mtu akijua kuwa mkewe yumo chomboni, atakagua mbao. Atahesabu watu. Atatazama mbingu. Hatosema "ingieni tu, nafasi ipo". Basi sisi tunaweza kumuuliza mwenye boti swali hilo hilo kwa adabu: "Kaka, leo na hali hii, na watu hawa wote, ungempakia mama yako?" Akisita, jibu tumelipata.

Na tawakkul haiko mbali na hapo. Bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwachie Mwenyezi Mungu alifundishwa afanye yote mawili. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu. Kuvaa jaketi okozi ni kumfunga ngamia.

Kwa bi harusi na wanaompeleka

Harusi hukusanya kila kinachoongeza hatari: watu wengi, mizigo mingi, haraka, furaha, na aibu ya kumwambia mtu ashuke. Shangazi aliyepiga magoti kumlea bi harusi hawezi kuambiwa nafasi imejaa. Kwa hiyo mambo haya yapangwe mapema, kabla ya siku yenyewe.

Kwanza, tarehe. Tunapenda kuozesha Shaaban au Mfungo Mosi, na ni vyema. Lakini miezi yetu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, ilhali pepo na mvua haziifuati. Mfungo Mosi uliomkuta mama yako katika bahari shwari unaweza kukukuta wewe katika masika au kusi. Mkipanga tarehe, tazameni kalenda zote mbili, ya dini na ya pepo, na siku ya safari sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ndoa haibatiliki kwa kuchelewa siku mbili.

Pili, chombo. Safari ya mbali ipandwe chombo kilichoruhusiwa kwa njia hiyo, si boti ya kuvulia iliyoazimwa kwa siku moja kwa sababu ni rahisi. Ikiwa lazima iwe boti ndogo, iende karibu na ardhi, mchana, ikiwa na mashine ya akiba au angalau kafi, kata ya kukumbia maji, na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usioingia maji. Mafuta yagawiwe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la kuchelewa. Mtu mmoja aliyebaki nchi kavu ajue mmeondoka saa ngapi, mko wangapi na mnatarajiwa saa ngapi.

Tatu, nguo na watoto. Baibui lililolowa ni zito na huzonga miguu. Jaketi okozi huvaliwa juu ya baibui, na stara inabaki pale pale. Lifungwe kabla ya kuondoka, lisikaliwe kama mto. Mtoto apewe jaketi la kipimo chake. Asifungwe mgongoni kwa kanga ndani ya boti, kwa sababu mama akipinduka naye, fundo lile halifunguki majini. Viatu virefu na masanduku ya mapambo yakae chini, katikati ya chombo.

Nne, ulimi. Atafutwe mmoja katika msafara, mtu mzima anayesikilizwa, awe somo au shangazi, apewe ruhusa na wote ya kusema "hapana, hatuondoki leo". Akisema, asibishiwe. Wanawake wengi huiona hatari mapema kabisa, lakini hunyamaza wasionekane waoga mbele ya wakwe. Woga wa aina hiyo ni akili aliyotupa Mola.

Wandamba katika mitumbwi yao hawakuwa na injini wala utabiri wa redio. Walikuwa na chombo kilichowakumbusha kila dakika kuwa wako juu ya maji. Sisi tuna mashine zinazotusahaulisha. Mto Kilombero, ambao mtu huona ng'ambo yake, ulichukua watu mpaka daraja likajengwa. Bahari yetu haina ng'ambo inayoonekana, na daraja tulilonalo ni tahadhari yetu wenyewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa maji, wa Kilombero, wa Ukara, wa Nungwi, wa Chumbe na wa Kisiwa Panza, na awakubali miongoni mwa mashahidi. Awafikishe mabibi harusi wetu salama kwa waume zao, na mchele wa sinia uliwe na watu wote walioalikwa, bila kupungua hata mmoja njiani. Amin.

Wabillahi tawfiq.